Rangi Nyekundu kwa Kitabu ya Binti Yangu

Kama umewahi kufungua ile kitabu ya ng'ombe kwa simu, ile iko na mama anapiga kelele kwa sababu hajakunywa chai, basi huyo mama ni mimi. Usicheke. Ama cheka tu, kila mtu alicheka. Nilikuwa nakaa kanisani, mtu ananigeuzia shingo ananiuliza, "Mama, leo umekunywa chai?" na benchi nzima inatingika. Mchungaji anangoja tumalize.

Aliyeniandika hivyo ni binti yangu, kitinda mimba wangu. Ameenda. Nasema mapema ndiyo usije ukangojea mahali fulani huko mbele ati atapona. Hakupona. Hii ninayosimulia ni vile kitabu yake ilibaki kwa mikono yangu, mimi mtu wa darasa la pili, nikaambiwa ni mimi peke yangu kwa hii dunia naweza kusema watu waruhusiwe kuibadilisha ama wakatazwe. Kumzika nilisaidiwa na watu wengi. Hiyo nyingine hakuna mtu alinisaidia.

Wacha nieleze pole pole, mimi nikienda haraka napotea.

Kuna programu ya simu ya wafugaji. Ni ya bure, na si ile bure ya kuonjeshwa halafu kesho uambiwe ulipe. Wale vijana waliotengeneza walisema mtu yeyote aichukue, aifungue ndani aone vile imefanywa, aigeuze vile anataka, ampe jirani yake. Unaandika ng'ombe yako, siku imepandishwa, siku imezaa, na yenyewe inakuwekea alama ya rangi kando ya jina la ng'ombe. Sasa programu bila maelezo ni kama dawa ya agroveti imetolewa kwa karatasi yake. Utapima na nini? Binti yangu ndiye aliandika maelezo.

Alikuwa amesomea kompyuta hapa hapa mjini Eldoret, halafu akarudi tukakaa na yeye Kiplombe, kwa kashamba ketu. Yeye na kompyuta yake mezani, mimi nje na ng'ombe. Akikwama anatoka na viatu vya nyumba mpaka kwa boma, anasimama kwa mavi, ananiuliza, "Mama, ng'ombe ikikataa kupanda mimba wewe huwa unasemaje?" Nasema vile mimi husema, maneno mengine ni ya matusi kidogo, anarudi ndani anaandika. Kwa hivyo kitabu ilitoka na mdomo wangu. Watu walikuwa wanaisoma kama wanasikia mama yao anaongea jikoni.

Kwa ukurasa wa rangi aliandika hivi, nimeishika kwa kichwa kama sala: "Nyekundu maana yake ng'ombe iko tupu, haina mimba. Ni kama mama yangu kabla ya chai: tumbo tupu, kelele nyingi, ita mtu haraka. Kijani ni mama yangu ameshakunywa: ametulia, ameshiba, mwache hivyo hivyo."

Nilipomsikia akinisomea nilimtupia kitambaa ya vyombo. "Unaniuza kwa dunia!" nikamwambia. Akasema, "Mama, watu watasahau kila kitu, lakini hiyo hawatasahau."

Na kweli hawakusahau. Hiyo ndiyo shida.

Ugonjwa ulimshika kwa koo. Huku kwetu hiyo ugonjwa tunaijua, karibu kila boma iko na mtu alienda nayo, lakini ilikuwa inashika wazee, si kijana kama huyo. Kwanza nyama ilikataa kushuka. Tukasema ni tonsi. Halafu ugali, halafu viazi, halafu uji mzito, mwisho ni maziwa peke yake, na hiyo kwa kijiko, na nusu inarudi. Nilikuwa namkamulia ng'ombe moja pembeni, yake peke yake, kana kwamba maziwa ya ng'ombe moja ingejua njia.

Sauti nayo ikaenda. Akawa anaongea na mimi kwa kuandika kwa simu. Na mimi kusoma kwangu ni kwa kuburuta! Ananiandikia "fungua dirisha", mpaka nimalize kuunganisha herufi, jua imeshazama. Nikimaliza namwambia, "Sasa nifungue ya nini, mbu waingie?" Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Tulicheka sana hiyo miezi. Watu walikuwa wanakuja kutupa pole wanatukuta tunacheka, wanakaa na pole yao kwa mkono hawajui wataiweka wapi.

Hapo ndipo alimalizia kitabu. Na hapo ndipo aliifunga.

Kuna maneno inaitwa leseni. Si ya kuendesha gari. Ni maneno unaandika mbele ya kazi yako kusema, hii ni yangu, nawapa ruhusa mfanye hivi na hivi, lakini hivi hapana. Yeye aliandika: someni, pigeni chapa, mpeane bure, lakini msibadilishe hata neno moja. Wenzake wa programu hawakupenda. Walimwandikia wakamwambia, dada, programu yenyewe imefunguliwa kila mahali, mbona maelezo iwe na kufuli? Hakusikia.

Iko sababu. Kabla augue, mtu mmoja wa kuuza dawa za mifugo alichukua kurasa zake za kwanza, akazigeuza. Mahali binti yangu alisema "muone daktari" yeye akaandika "nunua dawa yetu", na jina la binti yangu akaliacha hapo chini vile lilikuwa. Watu walimpigia simu wakimtukana. Mmoja alimwambia ndama yake imekufa kwa sababu yake. Siku hiyo alikaa kwa kitanda na viatu.

Sasa nilipomuuliza mbona anakataa, aliniandikia, na hii nilisoma mara moja bila kuburuta: "Mama, wakibadilisha, nitakuwa nimesema kitu sijasema, na sina mdomo wa kukataa."

Nikamwambia basi funga.

Alikufa mahindi ikiwa imeanza kukauka shambani. Hiyo siku sitaieleza.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuwa imeanza, watu wako mashambani wanapanda, wageni wakaja kwangu. Mmoja ni kijana mrefu, mwalimu wa kompyuta kutoka upande wa Cheptiret, alikuwa anatengeneza hiyo programu na binti yangu. Mwenzake ni msichana Msomali, baba yake ana duka la nguo mjini, yeye kazi yake ilikuwa kutafsiri ili watu wao wa kaskazini wenye ngamia watumie pia. Walivua viatu mlangoni, tope ilikuwa mingi. Yule mrefu akanisalimia, "Chamgei, Kogo," vile watoto wetu husalimia nyanya, na msichana akaniita Shosho. Nikawawekea chai, nikawawekea na mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Msichana akaonja ile maziwa ya mkaa, uso ukamkunjika kidogo.

"Maliza," nikamwambia, "hii si dawa."

"Shosho, nimekunywa ya ngamia tangu nikiwa mtoto," akasema. "Hii yako ni ya kulea watoto." Akaimaliza, akaniletea kikombe tena.

Nikampenda hapo hapo.

Yule mrefu ndiye alikuwa na maneno, na yalikuwa yanamkwama. Mwisho akasema, "Kogo, tumekuja kwa sababu ya kitabu. Rangi zimebadilika."

"Zimebadilishwa na nani?"

"Na sisi."

"Sisi ni nani? Mimi sikuwa."

Akaangalia chini. "Mimi, Kogo. Mimi na wengine. Programu imeenda nchi nyingi, na huko kwao nyekundu ni hatari. Kila mtu akiona nyekundu anajua ni simama. Kwa hivyo sasa nyekundu ni mimba, maana yake usiguse, usidunge sindano. Kijani ndiyo ng'ombe tupu, endelea na upandishe."

"Na kitabu inasema?"

"Inasema vile ya zamani. Haturuhusiwi kuigusa."

"Si muandike yenu!"

"Tuliandika," msichana akasema. "Watu hawaitaki. Wanasema hii haina mama."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Wao hawakucheka. Yule mrefu akasema pia waliandika onyo, wakaiweka mbele kabisa ya mtandao wao, lakini nani anaenda huko? Watu wanatumiana ile ya binti yangu, simu kwa simu, shemeji kwa shemeji. Ni yeye wanaamini. Basi wanaomba nibadilishe leseni. Yeye hakuwa na bwana, hakuwa na mtoto, baba yake alishatangulia. Haki ya hiyo kitabu imebaki kwangu.

Nikauliza, nikibadilisha inakuwaje? Akanieleza, na akanieleza vizuri, ualimu unamsaidia. Kuna njia ya kwanza, unaachilia kabisa, kila mtu afanye atakavyo, hata akitaka kugeuza halafu aifungie iwe yake. Kuna ya pili, unaachilia wabadilishe, lakini atakayebadilisha lazima yake pia aiache wazi vile vile, wengine nao waibadilishe, na aandike jina la mwenye alianza na jina lake yeye aliyegeuza. Na kuna ya tatu, hiyo hiyo ya pili, lakini unachagua ukurasa mmoja unasema huu usiguswe milele. Wao walikuwa wamefikiria ukurasa wa kwanza, ule wa kukaribisha watu, ambao binti yangu ananitaja.

Sasa mimi niliposikia ile ya pili nilifurahi, nikapiga paja. Si hii ni kimanagan!

Sisi tuko na hiyo desturi. Nyasi yangu ikiisha, ama rafiki yangu hana maziwa, nampelekea ng'ombe akae nayo. Maziwa anakunywa na watoto wake. Lakini ng'ombe ni yangu, ndama yake ni yangu, hata ndama wa ndama, na kila mtu kwa kijiji anajua. Mama yangu alinilea kwa maziwa ya ng'ombe ya mtu mwingine. Siku mwenyewe akisikia unaipiga, ama umeilaza na njaa, anaamka asubuhi anakuja anafungua kamba, anaenda nayo, na wewe huna la kusema.

Nikawaambia, "Kama ni hiyo, mnahangaika nini? Leta nitie sahihi." Yule mrefu akaanza kutoa kompyuta kwa mkoba haraka haraka, uso umefunguka. Nikaendelea, mimi mdomo haukai, "Na mkiharibu maneno ya mtoto wangu nitakuja hapo kwenu Cheptiret na kamba yangu niichukue nirudi nayo."

Mkono wake ukasimama kwa mkoba.

"Hiyo tutaiongea, Kogo," akasema.

"Usimfiche," msichana akamwambia. Akanigeukia mimi. "Shosho, hapana. Hii hairudi. Ukishaifungua na watu waichukue, huwezi kuikataza tena. Hata sisi hatuwezi. Hata wakiandika upuzi."

"Hairudi hata nikija na chifu?"

"Hata ukija na rais."

Nikaweka kikombe chini. Unaona, mtu anaweza kukuomba ng'ombe ukampa. Lakini ng'ombe ya kutoa bila kamba, kwa watu hujui nyumba zao, wafanye nayo vile wanataka mpaka mwisho wa dunia, hiyo kwetu haina jina. Na haikuwa ng'ombe. Ilikuwa sauti ya mtoto wangu, imebaki hiyo tu. Nguo zake nilishagawa. Na yeye mwenyewe alisema hapana, aliniandikia kwa herufi nikasoma.

"Mmekunywa chai," nikawaambia. "Njia mnaijua."

Yule mrefu akakasirika, kijana ni kijana. Akasema, "Kogo, kuna ng'ombe imekufa Ainabkoi kwa sababu ya huo ukurasa."

"Sasa mnaniletea mizoga kwa chai! Mlibadilisha rangi nyinyi, halafu mmeua ng'ombe nyinyi, halafu mnakuja kuniomba mimi nimuue mtoto wangu mara ya pili! Tokeni!"

Walitoka. Yule msichana alivaa viatu pole pole, akasema, "Pole, Shosho." Kijana alikuwa ameshafika kwa lango, tope imemshika.

Niliwaza ni uongo. Mtu akitaka kitu yako atakuletea msiba. Lakini hiyo ng'ombe ya Ainabkoi ilikataa kunitoka kichwani. Nakamua naiona. Na mimi nikiwa na kitu kwa kichwa siwezi kukaa, nikavaa sweta mbili, huko Ainabkoi baridi inauma mtu mpaka kwa meno, nikaenda.

Nilienda moja kwa moja mahali wanapeleka maziwa asubuhi. Hapo kila habari ya ng'ombe iko. Nikauliza nani amefiwa na ng'ombe ya gredi hivi majuzi, na hawakuuliza mimi ni nani, walinionyesha tu. Ni nyumba ya mabati juu ya kilima, mjane mmoja, mdogo kwangu sana. Nikamwambia nimesikia habari ya ng'ombe nimekuja kumpa pole. Kwetu hiyo si ajabu, ng'ombe inapewa pole. Akanitolea kiti.

Alikuwa na hiyo moja tu. Alikuwa amesoma kitabu mpaka akaimaliza, anaisomea watoto jioni kama hadithi. "Wanapenda huyo mama wa chai," akaniambia. "Huyu wangu mdogo nikichelewa kuamka anasema, mama amekuwa nyekundu." Akacheka, na mimi nikacheka, uso wangu unauma.

Basi siku moja alifungua programu akaona nyekundu. Hakushangaa. "Nilisema tu, eh, mama ana njaa, nikaita mtu." Yule mtu wa sindano alipaswa kuingiza mkono apime kwanza. Hakuingiza. Aliuliza simu inasema nini, akaambiwa tupu, akadunga ile ya kuita joto, na hiyo ikikuta mimba inaitoa. Siku chache tu, ng'ombe ikatoa ndama. "Ilikuwa kama paka," akasema, "manyoya hata bado. Lakini kwato zilikuwa." Kondo ya nyuma ikakataa kutoka, ikaozea ndani. Alikuwa anaiosha na maji ya moto na chumvi, ng'ombe imelala inamwangalia. Daktari mwenyewe alikuja imeshakuwa baridi masikio.

Zizi lilikuwa limefagiwa. Hakuna kitu ndani na limefagiwa.

"Msichana aliyeandika hiyo kitabu ni mcheshi," akaniambia. "Alinichekesha mpaka nikaua ng'ombe."

Sasa ningefanya nini? Nikamwambia, "Huyo mama wa chai ni mimi."

Aliniangalia kama ananitafuta mahali. "Wewe?"

"Mimi."

"Basi si umwambie msichana wako arekebishe."

"Hawezi."

"Kwa nini? Ni kiburi?"

"Amekufa."

Kuku ikapita katikati yetu ikaenda. Akasema, "Pole." Halafu akasema, "Na nani anaweza?"

"Ni mimi."

"Na umefanya?"

"Bado."

Hakunifukuza. Kama angenifukuza ningepata kitu ya kukasirikia. Aliingia jikoni akakaa huko, akatoka na kikombe. Ilikuwa strungi. Mwanamke wa huku, mfugaji, anakupa chai haina hata tone la maziwa, anaiweka mbele yako akiangalia pembeni. "Samahani, ni hiyo tu iko," akasema. Nikainywa yote mpaka majani ya chini.

Niliwapigia wale vijana simu nikawaambia, kujeni.

Hiyo siku sikuwawekea mursik. Tulikaa. Yule mrefu akawa na heshima nyingi, akaanza tena kutoka mwanzo, njia ya kwanza. Nikamuuliza, "Yule wa dawa za mifugo naye anaweza kuichukua aifungie?"

"Kwa hiyo ya kwanza, anaweza."

"Basi toa hiyo. Kwa ya pili?"

"Anaweza kuichukua, Kogo, anaweza hata kuiuza. Lakini yake lazima abaki ameiacha wazi, na aandike ni yeye amebadilisha. Hawezi kujificha chini ya jina la dada."

"Hawezi?"

"Akijaribu, tuko na mahali pa kumshika."

Haikuwa kamba, lakini angalau ilikuwa alama kwa sikio. Nikauliza ile ya tatu, ya ukurasa usiguswe. Msichana akasema itabidi aweke ukurasa wa Kiswahili hivyo hivyo mbele ya kitabu ya Kisomali, hata kama msomaji wake hajui Kiswahili. "Lakini tutaweka, Shosho. Ukitaka tutaweka. Si mzigo."

"Nisomee."

Akasoma. "Karibu. Usiogope hii programu. Kama utasahau kila kitu kwa hii kitabu, usisahau mama yangu na chai yake, na rangi zitakuja zenyewe."

Yule mrefu ndiye alielewa mwisho, nilimwona akielewa. Ukurasa wenyewe waliotaka tuufunge milele ndio unaanza kufundisha watu ile makosa. Mjane wa Ainabkoi alikuwa ameanzia hapo.

"Fungua na huo," nikasema.

Nikatia sahihi. Mkono wangu ni mbaya, jina langu lilipanda mlima likashuka. Halafu nikawaambia hawatoki kwa hii nyumba kabla ya kurekebisha. Hapa, mimi nikiona. Kama inafanywa ifanywe mezani kwake.

Yule mrefu akaleta kompyuta karibu, akayashika yale maneno yangu ya chai yakageuka rangi ya bluu. Akataka kubonyeza. Nikamwambia ngoja, ni wapi? Akanionyesha. Nikabonyeza mimi.

Nilifikiri yataenda pole pole. Yalienda mara moja, kama hayakuwahi kuwa.

Msichana akaandika mapya, akanisomea. "Nyekundu: ng'ombe ana mimba. Usimdunge sindano. Kijani: ng'ombe hana mimba. Daktari ampime kwanza."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Shosho."

"Ni sawa," nikasema. Na yalikuwa sawa. Mtoto yeyote angeelewa. Hayakuwa na mtu ndani.

Halafu ikabaki pale chini, mahali leseni inataka aliyebadilisha aandikwe. Yule mrefu akaanza kuweka jina lake. Nikamkataza. Akasema, "Kogo, wacha nibebe mimi, ni mimi nilibadilisha rangi." Nikamwambia rangi ni yako, beba rangi. Maneno nimetoa mimi. Kwa hivyo ukifungua leo utaona jina la binti yangu kama mwandishi, na chini yake jina la aliyefuta, na ukoo ni mmoja.

Ya Kisomali ilitoka. Za nchi zingine zikatoka, ambazo hata siwezi kuzitaja vizuri. Wanasema inasaidia. Msichana hunipigia simu kunipa habari, juzi amesema kuna mtu ameongeza ukurasa wa mbuzi. Nikamwambia hongera. Mle ndani sasa mimi siko, na binti yangu anaendelea kutoka, kidogo kidogo, kila mtu akigeuza kitu.

Lakini usifikiri ilikwisha. Ile ya zamani haikusikia leseni. Bado iko kwa simu za watu, na mtu akifungua inamwambia nyekundu ni tupu. Kwa hivyo asubuhi nikipeleka maziwa, naweka mtungi chini, natembea kwa foleni.

"Lete simu nione."

"Ya nini tena, Mama Chai?"

"Uko na ile kitabu ya zamani? Futa."

Wengine wanafuta. Wengine wanabishana, hasa wanawake. Juma lililopita mmoja, jirani yangu wa huko chini kwa mto, aliishika simu kwa kifua. "Hii ni ya msichana wako," akasema. "Ni vile alikuwa anaongea. Mimi najua rangi zimegeuka, sitakosea, niachie tu."

"Na mtoto wako akiichukua? Na ukimtumia dada yako?"

"Sitamtumia."

"Utamtumia. Kila mtu alimtumia dada yake. Futa."

"Wewe mwenyewe utabaki na gani?"

"Yangu nilifuta ya kwanza."

Akaniangalia. Akasema basi wacha aisome mara ya mwisho, akasoma kwa sauti, tumbo tupu, kelele nyingi, ita mtu haraka, na anajua kusoma huyo, aliiga mpaka vile mimi huweka mikono kiunoni. Foleni nzima ikacheka. Mwenye kupima maziwa akacheka. Mimi pia nilicheka, ungefanya nini? Halafu nikamshika mkono, nikamwangalia kidole chake mpaka akabonyeza, nikaenda kwa mwingine.